Mifuko ya zawadi ya kitambaa badala ya karatasi: naomba ushauri wa kitambaa, vipimo na desturi

MwalimuUyole (Mbeya) anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanachama wa kikundi cha akina mama hapa Uyole ambacho, pamoja na kuwekeza hisa na kukopeshana, hununua zawadi ya pamoja kila mwenzetu anapokuwa na shughuli, iwe kipaimara cha mtoto, kicheni pati ya binti au harusi yenyewe. Shughuli nyingi kwetu huangukia Desemba, wakati ambapo mvua za Mbeya zimekwisha kuchanganya, na karatasi ya zawadi inayosafirishwa kwa bajaji kutoka Uyole hadi ukumbini upande wa Mafiati hufika imelowa na kuchanika kwenye kona za boksi. Hata ile inayosalimika huchanwa mbele ya wageni na kuishia kwenye taka, kwa kuwa nyingi zimepakwa ngozi ya plastiki au rangi ya fedha na hazifai hata kuwashia mkaa.

Tumefikiria kushona mifuko ya kitambaa yenye kamba ya kukaza mdomoni, ambayo inaweza kutumika tena na tena. Wawili kati yetu wana cherehani za kukanyaga na wanajua kushona sare za shule na mashuka, ila hakuna mwenye ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke. Ninaomba mwenye uzoefu atueleze, kwanza, kitambaa gani kinafaa. Pili, vipimo vinapatikanaje kwa vitu vikubwa kama boksi la vikombe au seti ya sufuria. Na tatu, jambo linalonisumbua kuliko hayo mawili, tufanye nini kuhusu mfuko baada ya zawadi kupokelewa. Kumwambia bibi harusi "turudishie mfuko wetu" ni jambo ambalo mimi mdomo wangu hauwezi kulitamka.

FundiMlandege (Iringa):

Dada wa Uyole, salaam kutoka Iringa. Kazi hii naifanya kila mwaka wenye maduka wanapojiandaa na Krismasi, kwa hiyo nitajibu maswali yako mawili ya kwanza, na la tatu nitawaachia wenye busara za ukoo.

Kitambaa kizuri ni kitenge cha pamba cha uzito wa kati, au shuka la pamba la mtumba ambalo limeshafuliwa mara nyingi na haliwezi tena kunywea wala kutoa rangi. Satini inavutia dukani, lakini huteleza chini ya mguu wa cherehani na hufumuka ukingoni kabla hata hujamaliza kukata. Kama huna hakika kwamba kitenge ni cha pamba, chomoa nyuzi chache ukingoni uziunguze kwa kiberiti: pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, ilhali nyuzi za plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kitenge kipya kifue peke yake kabla ya kukata, kwa sababu pamba hunywea majini, na kwa sababu kitenge chekundu kinachotoa rangi kikilowa mvua juu ya bodaboda kitaacha alama kwenye taulo jeupe lililomo ndani. Baada ya kufuliwa kitapoteza ule ukakamavu wa dukani. Anayeupenda anaweza kukichovya kwenye uji mwepesi wa unga wa muhogo, akikaushe na kukipiga pasi.

Kuhusu vipimo, pima kitu chenyewe na usikisie. Chukua upana, kina na kimo cha boksi. Upana wa kitambaa chako ni upana wa boksi ukijumlisha na kina chake, kisha uongeze sentimita 3 za mishono miwili ya ubavuni na sentimita 2 ili boksi liingie bila kusukumwa. Urefu wa upande mmoja ni kimo cha boksi, ukiongeza nusu ya kina kwa ajili ya kitako, nusu nyingine ya kina kwa ajili ya kufunika juu, na sentimita 8 za mdomo na njia ya kamba. Tuseme boksi la vikombe lina upana wa sentimita 30, kina cha 20 na kimo cha 15. Upana wa kitambaa utakuwa 55, na urefu wa upande mmoja 43. Kwa kuwa kitambaa kinakunjwa kitakoni bila kukatwa, utakata kipande cha sentimita 55 kwa 86. Vitenge vingi vina upana wa sentimita 112 hadi 117 na yadi moja ni sentimita 91, hivyo kila yadi itakupa mifuko miwili ya kipimo hicho, mmoja kando ya mwingine, na kitakachobaki ni ukanda mwembamba tu, kwa hiyo kamba zitafute kwenye kipande kingine.

Hapo kuna jambo la kuangalia kabla hujashika mkasi. Kitenge chenye ndege, vikapu, miti au maandishi yanayotazama upande mmoja, ukikikunja kitakoni, picha za mbele zitasimama na za nyuma zitakuwa zimepinduka miguu juu. Kwa kitenge cha aina hiyo kata vipande viwili na uviunge kitakoni kwa mshono, ukiongeza sentimita 1.5 kwenye kila kipande. Kwa kitenge cha maua yaliyotawanyika au cha miduara huna haja ya kujisumbua.

Kwa kuwa hamna ovaloki, tumieni mshono unaojifunika. Weka vipande viwili, upande mbaya kwa upande mbaya, yaani uzuri wa kitambaa ukiwa nje, ushone milimita 6 kutoka ukingoni. Punguza ukingo kwa mkasi hadi zibaki kama milimita 3, geuza kitambaa ili uzuri uwe ndani, piga pasi mstari huo ulale, kisha shona tena milimita 9. Nyuzi zote zilizokatwa zinakuwa zimefungiwa ndani ya mshono na hazitafumuka hata mfuko ukifuliwa mara nyingi. Hizo milimita 6 na 9 ndizo zinazotimiza sentimita 1.5 kwa kila ubavu.

Mshono wa ubavu usiufikishe juu kabisa. Simama sentimita 7 kabla ya ukingo wa mdomo na urudishe mshono mara mbili hapo, kwa sababu ndipo kamba itakapovuta siku zote. Sehemu iliyobaki wazi kunja kingo zake kwa ndani uzishone. Kisha kunja mdomo wa mfuko sentimita 1, halafu sentimita 3, na upitishe mshono kuuzunguka chini ya mkunjo huo. Utapata njia ya kamba iliyo wazi kulia na kushoto. Kamba ziwe mbili: moja iingie kulia, izunguke yote na kutokea kulia, nyingine ifanye vivyo hivyo kushoto. Ukivuta zote kwa pamoja mdomo unafunga barabara. Kwa mfuko wa mfano wetu kila kamba iwe na urefu wa kama sentimita 130. Kamba ya kitambaa hukatwa ukanda wa sentimita 4, ukakunjwa mara nne hadi ubaki sentimita 1, ukashonwa ukingoni. Utepe wa satini siupendekezi, fundo lake hufunguka lenyewe.

Ili kitako kikae kama boksi, geuza mfuko ndani nje, bana kona ya chini iwe pembetatu ambayo mshono wa ubavu unapita katikati yake, pima sentimita 10 kutoka kwenye ncha, na shona mstari wa kukatiza hapo. Mstari huo utakuwa na urefu wa sentimita 20, sawa na kina cha boksi. Sindano namba 14 inatosha kwa kitenge.

Mdadisi_Tukuyu:

Ninawapongeza kwa nia, lakini tusijidanganye kwamba kitambaa ni chema kwa mazingira kwa kuwa tu ni kitambaa. Mwaka 2018 wakala wa serikali ya Denmark wa kulinda mazingira ulitoa uchunguzi uliolinganisha mifuko ya kubebea bidhaa, na ukaonyesha kwamba mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika angalau mara 52 ndipo athari yake kwa tabianchi ilingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki, na zikihesabiwa athari zote, pamoja na zile za maji na mbolea, idadi hiyo inafika mara 7,100. Ni kweli kwamba uchunguzi ule ulihusu mifuko ya sokoni na haukugusa karatasi za zawadi, kwa hiyo tarakimu hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo. Hata hivyo, kulima pamba, kuisokota, kuifuma na kuitia rangi ni kazi inayokula maji na nishati nyingi, na kitenge kipya kinachokatwa ili kufunika zawadi mara moja na kusahauliwa kabatini ni hasara kubwa kuliko karatasi.

Kwa hiyo swali ambalo dada ameliita la tatu, kwangu mimi ndilo la kwanza. Kama hamwezi kuhakikisha kwamba mfuko unazunguka, tumieni karatasi ya kaki isiyopakwa kitu na kamba ya katani. Karatasi ya kaki hutengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi, katika nyanda zetu hizi hizi, na ikimaliza kazi yake inawasha jiko au inaoza shambani. Na kama mmeamua kushona, basi shoneni kwa mabaki.

Dada_wa_Njombe:

Nami naongeza njia isiyohitaji cherehani kabisa. Wajapani wana desturi ya muda mrefu ya kufunga vitu kwa kitambaa cha mraba kiitwacho furoshiki, na mwaka 2006 aliyekuwa Waziri wao wa Mazingira, Yuriko Koike, aliihimiza upya ili kupunguza taka za vifungashio. Sisi kitambaa chetu cha kazi hiyo tunacho tayari. Khanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Ikunje upande mmoja hadi iwe mraba, weka hotipoti katikati, funga ncha mbili zinazotazamana, kisha funga mbili nyingine juu yake, na tayari una mzigo wenye mshikio. Anayepokea haulizwi habari ya kurudisha chochote, maana khanga nayo ni zawadi, na hakuna mwanamke nimjuaye ambaye atasahau khanga kabatini.

Tahadhari ni moja tu: soma jina la khanga kabla ya kufunga. Zipo khanga ambazo maneno yake ni dua na baraka, na zipo ambazo ni vijembe vya uke wenza, na hizo za mwisho hazifai kuwekwa mbele ya mama mkwe siku ya kicheni pati, hata kama rangi zake zimekupendeza.

MwalimuUyole:

Ahsanteni sana. Kaka fundi, somo lako nimelinakili kwenye daftari la kikundi.

Ndugu Mdadisi, hoja yako nimeipokea, na nafikiri jibu lake liko kwa mafundi wetu wenyewe. Kila harusi hapa Mbeya ina sare, na fundi anayeshona sare za watu wengi kwa kitenge kimoja hubaki na rundo la vipande vya kitenge kile kile, ambavyo kwa kawaida hujazwa kwenye mito au huchomwa moto. Mafundi wawili wa Mwanjelwa wamekubali kututunzia vipande vyote vinavyozidi upana wa kiganja. Tukiviunga kabla ya kukata tutapata kitambaa cha kutosha, na kitakuwa na uzuri wake kwa sababu zawadi za familia zitakuja zimevaa sare ya familia.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Tunayo mifuko mingi ile mbadala iliyoingia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Je, tunaweza kuitumia kama bitana, yaani kitambaa cha ndani, ili mfuko usimame? Na seti ya sufuria, ambayo ni duara na ina uzito, inapimwaje?

MamaMkubwa_Makambako:

Mwanangu mwalimu, nimesoma yote na naona mnalizungusha jambo ambalo vikundi vyenu vimekwisha kulitatua kwa vyombo vingine. Kikundi kina sufuria kubwa, viti, sahani na maturubai, na kila mwanachama mwenye shughuli huvitumia na kuvirudisha vikiwa vimehesabiwa, wala hakuna anayeona aibu, kwa sababu ni mali ya wote na imeandikwa. Mifuko nayo iandikeni kwenye daftari lile lile. Zawadi ya kikundi ikishakabidhiwa na kufunguliwa, mama anayesimamia meza ya zawadi anaikunja mifuko na kuirudisha kwa mtunza vyombo. Bibi harusi haombwi kitu, pengine hata hatajua kwamba mifuko imeondoka, kwa kuwa siku ile ana mengi ya kuwaza.

Zawadi inayokwenda nje ya kikundi ni habari nyingine. Huko mfuko umekwenda, na mhesabu hivyo tangu mwanzo. Lakini msiushone kwa namna ya kumfunga mpokeaji: msidarizi jina lake wala tarehe ya harusi yake juu ya mfuko, kwa sababu hatapata pa kuupeleka tena. Andikeni jina kwenye kipande cha karatasi ya kaki na mkifunge kwenye kamba. Mfuko mtupu usio na jina utabeba zawadi ya mtu mwingine, au utatundikwa jikoni na kuwekwa vitunguu saumu, ambavyo vinapenda kitu kinachopitisha hewa. Mimi mwenyewe ninao wangu niliopewa na wakwe, umebeba khanga, umebeba viatu vya mjukuu akienda bweni, na mwaka jana nilimpelekea jirani sukari ya msiba ndani yake, naye akanirudishia ukiwa na mayai.

Kuhusu haya ya kumwambia mtu arudishe, watu wazima hatusemi hivyo. Husema, "mfuko huu unapenda kutembea," na mwenye kuelewa ameelewa.

Mdadisi_Tukuyu:

Shikamoo mama. Utaratibu huo wa daftari umenishawishi. Mabaki ya sare hayakulimwa kwa ajili ya mfuko, yangetupwa kwa vyovyote, kwa hiyo hesabu ya pamba niliyoitoa hapo juu haiwabani. Naondoa pingamizi, ila la kitenge kipya kinachonunuliwa kwa kazi hii nabaki nalo.

FundiMlandege:

Mwalimu, nianze na bitana. Ile mifuko mbadala inaonekana kama kitambaa lakini ni plastiki ya aina ya polipropilini iliyobanwa kwa joto. Inaweza kutumika kama bitana na kweli husimamisha mfuko, ila pasi ya moto wa pamba ikiigusa hunywea na kung'ang'ania chuma cha pasi. Kwa hiyo maliza kazi yote ya pasi kwenye kitenge kabla ya kuiweka ndani, na ushone kwa hatua ndefu kidogo, kwa sababu matundu ya sindano yaliyosongamana huichana kama stempu. Tena baada ya muda jua huifanya ichanike ovyo. Kama mna shuka kuukuu au pazia zito la mtumba, hilo ni bora zaidi kwa bitana.

Kwa vitu vya duara ile hesabu ya kujumlisha upana na kina iacheni, kwa sababu itawapa mfuko mpana kupita kiasi. Zungusha futi kamba mahali penye unene mkubwa kuliko pote, na kama ni hotipoti pitisha juu ya mikono yake. Gawanya kwa mbili, kisha ongeza sentimita 5. Seti ya sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine, ambayo kubwa yake ina kipenyo cha sentimita 36, itakupa mzunguko wa kama 113, nusu yake ni kama 57, na upana wa kukata utakuwa 62. Urefu wa upande mmoja, kama kimo ni sentimita 20, utakuwa 20, na 18 za kitako, na 18 za kufunika juu, na 8 za mdomo, jumla 64. Ukikunja kitakoni utakata sentimita 128. Yadi moja na nusu inatosha, na ukanda wa kama sentimita 50 utakaobaki pembeni utatoa kamba zote. Mtakaotumia mabaki, ungeni vipande kwanza hadi mpate kipimo hicho na muhakikishe kwamba maungio hayaangukii kwenye mstari wa kitako.

Mishono ya kona za kitako ishoneni mara mbili, maana uzito wote wa sufuria unakaa hapo mtu anapoubeba mfuko kwa kamba. Ukingo wa sufuria nao ni mkali na hukata kitenge polepole kwenye mtikisiko wa barabara, kwa hiyo vikeni sufuria ya nje taulo la jikoni kabla ya kuiingiza, na taulo hilo mlihesabu kuwa sehemu ya zawadi.